Tenga la Mchungaji Lavuka Mpaka

Wiki iliyopita niliwaacha na mkono wangu ukiwa kwenye kitasa cha stoo ya kanisa, saa saba mchana, jua linawaka, kijiji chetu kizima cha Kwai kiko shambani. Baadhi yenu mmenitumia ujumbe mkisema, "Mama Eliza, tafadhali usifungue."

Mmechelewa. Nilifungua.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikueleze kwa kifupi ujue umeingia nyumba ya nani. Binti yangu Eliza amechumbiwa na kijana wa Taveta, ng'ambo ya mpaka, anaitwa Mwakio. Kijana mzuri, hana maneno. Maneno yote kamwachia mama yake.

Sasa huyo mama Mwakio kasikia kutoka kwa mtu wa huku kwetu, ambaye siku nikimjua nitamtaja hapa kwa jina na kwa kitongoji, kwamba mimi ni mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi. Akatoa sharti. Ndoa itakuwepo kama mchungaji wangu atakuja Taveta mwenyewe na kusema kwa mdomo wake kwamba Mama Eliza ni mtu mkweli. Akaongeza na ombi dogo: tukija tumletee plamsi za Lushoto, yale matunda mekundu ya milimani, ana hamu nazo tangu mwaka juzi.

Plamsi nazo, wiki ile ile, zilikuwa zimepigwa na mvua ya mawe. Za vijiji vya juu zilikuwa bado kuiva. Kwai nzima lilibaki tenga moja zuri, na hilo mwenyewe alilileta kanisani kama sadaka. Baada ya ibada likapigwa mnada nje, kama tunavyofanya kila Jumapili, na mimi nikawashinda wote.

Hapo ningechukua tenga langu nikaenda zangu, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Lakini mzee wa kanisa anayeendesha mnada, baba Martin, akaniuliza mbele ya watu, "Mama Eliza, unamtunza nani?"

Maana kwetu ukishinda kitu kizuri mnadani, unamtunza mtu nacho. Hakuna anayekulazimisha. Ila sijawahi kumwona mtu akijibu, "Naenda nacho nyumbani," akabaki na marafiki.

Watu wananitazama. Kule mlangoni mchungaji anaagana na waumini, kageuza shingo, anatabasamu. Ulimi wangu ukasema, "Namtunza mchungaji." Wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Ndivyo tenga likaingia stoo likiwa la mchungaji. Na ufunguo wa stoo unakaa kwangu, kwa sababu masufuria ya akina mama yamo humo humo.

Nilikusudia kulirudisha. Si lile lile, jingine, wiki ijayo, za juu zikishaiva. Niliona aibu, msidhani sikuona. Lakini nilimwona pia Eliza akikunja vitenge vyake kimoja kimoja na kuviweka kwenye sanduku, na kila akikunja kimoja ananiuliza, "Mama, watanikubali?" Aibu ikakaa pembeni.

Basi. Jumatano alfajiri Hassani akaleta gari lake la Noah mlangoni. Hassani ni jirani yangu, kijana wa Kiislamu mwenye mke na watoto wawili, mwenye adabu zake zote ila mdomo. Akaniamkia, "Shikamoo mama," kisha akaliangalia tenga.

"Mama, hili nimeliona wapi vile?"

"Hujaliona."

"Jumapili nilikuwa nimeegesha pale kanisani kwenu nasubiri abiria. Niliona tenga linapigiwa makofi."

"Matenga yote yanafanana, Hassani."

"Ni kweli. Ila si yote yanapigiwa makofi."

"Unataka visheti hutaki?"

"Nataka, mama."

"Basi weka kabichi juu yake."

Akaweka kabichi. Juu ya kabichi tukaweka karoti, juu ya karoti begi la Eliza la zawadi. Pembeni ndoo ya visheti na mfuko wa kashata, vyote nimepika kwa mikono yangu, hivyo havina kesi. Majani ya mgomba yaliyokuwa yamefunika tenga nilishayatoa, nikalifunika khanga. Hata mwenyewe aliyelileta kanisani asingelijua.

Eliza yeye alibaki nyumbani, kwa sababu binti haendi kusikiliza anavyojadiliwa.

Tukampitia mchungaji. Mchungaji Timotheo, niwaambie ni mtu wa namna gani, mpate kuelewa joto lililonipata. Siku moja alimwambia mtu kwamba ni saa tatu. Alipofika mji wa Soni huko chini akagundua saa yake ilikuwa nyuma kwa robo saa. Akarudi Kwai kwa miguu kumwomba msamaha. Mtu mwenyewe alikuwa ameshasahau hata kwamba aliuliza.

Akakaa mbele kwa dereva. Mimi nikakaa nyuma yake, mzigo uko nyuma ya mgongo wangu. Tulipoanza kuteremka kona za kwenda Mombo, joto likaanza kupanda, na plamsi zikaanza kunukia.

Mchungaji akainua pua. "Nasikia harufu ya plamsi."

Mimi nikaangalia dirishani.

"Ni marashi ya gari, mchungaji," akasema Hassani. "Siku hizi yapo ya kila tunda."

"Yananukia kama zenyewe kabisa."

"Wazungu wana akili."

"Nitakuomba uniandikie jina lake. Mama mchungaji atayapenda sana."

"Nitakuandikia," akasema Hassani, na kwenye kile kioo cha dereva akanitupia jicho moja la furaha ambalo mpaka leo namdai.

Nikampa mchungaji visheti apumzishe pua. Akala. Tukapita Mombo, tukashika lami ya kwenda Same, mkonge huku na huku, naye anakula tu na kunisifu. "Mama Eliza, mkono wako una baraka." Nikaanza kupumua.

Same ilipokaribia, akafunga ndoo, akapangusa vidole. "Mama Eliza, kuna neno nimekuwa nikisita kulisema."

"Neno gani, mchungaji?"

"Lile tenga ulilonitunza limeibwa."

Hassani akabadilisha gia isiyohitajika.

"Limeibwa?" nikasema. Sauti yangu mwenyewe sikuijua.

"Stoo haikuvunjwa. Pengine ni watoto wa kwaya. Sikutaka kukuvunja moyo, wewe uliyelitoa kwa upendo vile, huku mwenyewe una ugeni mkubwa. Nilisema nisije nikakaa mbele ya wakwe zako nakusifia ukarimu wako huku nimekuficha jambo."

Jamani. Mtu anakuibia halafu wewe ndiye unamwomba radhi.

"Naomba tumwombee aliyelichukua," akasema mchungaji. Akainamisha kichwa palepale, gari linakwenda. "Bwana, mguse huyo ndugu, popote alipo, awe nyumbani au awe safarini."

"Amina," akasema Hassani kwa sauti kubwa, na yeye wala si wa kanisani.

Nikasema amina yangu ndogo. Kutoka hapo mpaka Himo nilifumba macho, na mchungaji akafikiri nimesinzia.

Tukafika mpakani saa tano na nusu. Pale maafisa wa kwetu na wa kwao wanakaa kwenye jengo moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Hati zetu zikagongwa mihuri bila tatizo. Simu ikaita: mama Mwakio.

"Mmefika?"

"Tupo hapa mpakani, mkwe wangu."

"Basi nakuja kuwapokea getini, ni karibu. Mchungaji yupo?"

"Yupo."

"Na plamsi?"

"Zipo."

"Nikiviona vyote viwili, roho yangu itatulia," akasema, akakata.

Nilikuwa bado nimeshika simu nilipomwona mwanamke mwenye glavu akimwonyesha Hassani kwa kidole afungue nyuma. Afisa wa mimea. Mwembamba, mpole, miwani imeteremka puani. Wapole ndio wanaonitisha.

"Habari za safari, mama. Mmebeba nini?"

"Zawadi tu, mwanangu. Kabichi, karoti, na vitafunio vya harusi."

"Naomba nivione."

Akatoa begi la Eliza. Akageuza karoti, akanusa kabichi, akafungua ndoo ya visheti na kuifunga. Kisha akaivuta khanga.

Plamsi zikaonekana zote, nyekundu, zinang'aa. Mchungaji alikuwa ameshuka kunyoosha miguu. Akaja, akasimama begani kwangu.

"Kumbe si marashi," akasema taratibu.

"Nilitaka iwe ya kushtukiza," nikasema. "Kwa mkwe."

Ni uongo wa ngapi huo, nilishaacha kuhesabu.

"Umezipata wapi, Mama Eliza, na mvua ile ya mawe?"

"Kwa mtu," nikasema. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Afisa akachukua moja, akaipasua kwa kisu kidogo, akaitazama ndani. Akapasua ya pili. "Hazina funza. Ni nzuri sana. Tatizo si hilo, mama." Akaelekeza kalamu kwenye mzigo. "Kabichi hizi, karoti hizi, na tenga zima, vyote vya mtu mmoja? Kwangu hiyo ni biashara, na biashara ina vyeti vyake. Kabichi na karoti nitakuandikia wewe kama zawadi. Tenga litabaki hapa."

"Litabaki kwa nani?"

"Litateketezwa."

Nikaona mama Mwakio anafika getini anakuta kabichi. Nikaona Eliza anakunjua vile vitenge kimoja kimoja na kuvirudisha kabatini. Machozi yakanitoka, na wallahi hayakuwa ya kuigiza, ingawa nayo ya kuigiza ninayo.

"Mwanangu, nakuomba," nikasema. "Ni kwa ajili ya binti yangu."

"Mama, ningekusaidia. Ila lazima kila mzigo uwe na mwenyewe; tenga likiwa la mwingine, si biashara tena. Ninyi ni watu watatu. Dereva ana mzigo?"

Hassani akafungua mdomo. Namjua Hassani, angesema ndiyo na kula kiapo juu yake. Lakini mchungaji alimtangulia.

"Tenga ni langu," akasema.

Afisa akamtazama, akaitazama kola yake nyeupe. "Lako, mchungaji?"

"Langu."

"Basi jaza hapa. Jina kamili, mahali linakotoka, na sahihi. Unathibitisha kwamba ni mali yako."

Mchungaji Timotheo akashika kalamu. Akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, akaandika Kwai, akatia sahihi. Afisa akagonga muhuri, akamtakia mchungaji safari njema, akaenda kwenye gari la nyuma.

Tukaingia garini. Hassani akawasha, akasogea mita chache kuelekea getini. Mabega yake yalikuwa yanacheza, na si kwa baridi.

"Simama pembeni," akasema mchungaji.

Hassani akasimama. Mchungaji alikuwa ameloa jasho.

"Miaka ishirini na saba nimevaa kola hii," akasema. "Sijawahi kusema uongo. Leo nimesema mmoja, tena nimeuwekea sahihi."

"Mchungaji, umenisaidia," nikasema.

"Nimekusaidia. Nilikuona unalia, nikamkumbuka Eliza tangu nilipombatiza, neno likanitoka kabla sijalipima. Sasa tazama nilichofanya. Nimekuja hapa kushuhudia kwamba wewe ni mkweli. Mwongo anamshuhudiaje mwenzake kuwa mkweli? Siwezi, Mama Eliza. Moyo hauniruhusu."

"Unataka kufanya nini?"

"Nitarudi kwa yule afisa nimwambie tenga si langu. Kisha nitampigia mkwe wako kumwomba radhi kwamba sistahili kusema neno lolote kwake. Nitapanda gari la kurudi Himo."

Akashika mlango.

Nataka mnielewe nilivyokaa pale kwenye kiti. Nikinyamaza, huyu anashuka, tenga linateketezwa, ushahidi hakuna, ndoa hakuna. Nikisema, anajua kwamba mwizi aliyemwombea kule Same ndiye aliyekuwa nyuma ya kiti chake akimlisha visheti, na hapo pia ushahidi hakuna, ndoa hakuna. Njia zote mbili zinaishia kwa Eliza na vitenge vyake.

Tofauti ilikuwa moja tu. Kwenye hii ya kwanza, mzee wa watu angekwenda kaburini akiamini amesema uongo, na hakuwa amesema.

Hassani akageuka. Safari hii hakuwa anacheka. "Mama," akasema, "mwambie."

"Aniambie nini?" akauliza mchungaji.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Mimi ulimi wangu hukimbia, lakini siku hiyo ilibidi niuvute.

"Mchungaji, hukusema uongo."

"Usinifariji, Mama Eliza."

"Sikufariji. Lile tenga ni lako."

Akanitazama. Alikuwa bado ameshika mlango.

"Ni lile la mnada," nikasema. "Nililolitoa kwa makofi, nikalichukua stoo kesho yake mchana kwa ufunguo wa masufuria. Watoto wa kwaya hawana kosa. Mwizi uliyemwombea ni mimi, na nilisema amina. Nilitaka kulirudisha wiki ijayo. Umeandika mali yako, na ni mali yako. Nenda kalale usingizi wako, mchungaji, ila naomba radhi. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona."

Nje lori la saruji lilipita, likatokomea.

Mchungaji akauachia mlango taratibu. Usoni mwake yakapita mambo mengi. Kwanza nadhani ilikuwa ni nafuu, kwa sababu alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha nafuu ikaondoka, ikaja sura nyingine ambayo sikuipenda.

"Kwa hiyo marashi..." akasema.

"Hayapo," akasema Hassani. "Na mimi naomba radhi."

Kabla mchungaji hajajibu, kioo cha upande wake kikagongwa. Tok, tok, tok. Mwanamke mnene, kilemba cha zambarau, mkufu wa dhahabu, tabasamu pana na macho yasiyotabasamu. Nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, lakini nilimjua. Mama Mwakio hakuwa na subira ya kungoja getini.

Mchungaji akateremsha kioo.

"Bwana asifiwe, mchungaji. Karibu Taveta."

"Amina, mama."

Akainama, akaniona mimi nyuma, na machozi yangu usoni, na khanga iliyovutwa, na plamsi zinazong'aa. "Ndizo hizo? Mungu wangu, ni nzuri. Mkwe, mbona unalia?"

Nikajipangusa machozi kwa ncha ya kitenge changu.

"Mchungaji," akasema, na sasa hata lile tabasamu likaondoka, "chakula kiko tayari na wazee wamekaa. Lakini mimi ni mtu wa mambo wazi. Sitaki niulize mbele ya wazee halafu ukanisitiri kwa heshima zao. Niambie hapa hapa tukiwa wachache. Huyu mama wa Eliza ni mtu mkweli?"

Mchungaji Timotheo akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti, kioo cha kulia, kisha cha kushoto, bila haraka. Akageuka akanitazama mimi muda mrefu. Akaivaa.

"Mama," akamwambia, "unapenda plamsi?"

"Sana, mchungaji."

"Basi ingia garini ukae hapo karibu na mkwe wako, nikuambie hizi zimefikaje hapa. Nitakueleza yote, mpaka alichoniambia dakika tano zilizopita. Ukishasikia, hutakuwa na haja ya kuniuliza mimi, utamjua mwenyewe."

Mama Mwakio akazunguka, akaingia, akajibana pembeni yangu, akaweka pochi yake mapajani na kuikunjia mikono. Nilinyoosha mkono kuutafuta mlango wa upande wangu. Hassani, bila kugeuka, alikuwa ameshabonyeza kile kitufe cha kuifunga milango yote.